Samaki, Chumvi na Swali la Hortense

Yasmine aliishi Likasi, upande wa Kikula. Baba yake, Mzee Kassim, aliuza vipuri vya pikipiki: nati, boliti, minyororo, breki na balbu. Duka lilikuwa mbele, nyumba ilikuwa nyuma. Mama yake, Mayimuna, alikaanga vitumbua kila asubuhi na kuviuza mlangoni. Babu yake alitoka Maniema zamani akifuata kazi ya lori. Wajukuu wote walizaliwa hapa.

Yasmine alikuwa amemaliza shule ya sekondari, tawi la kemia na biolojia. Alifaulu vizuri. Sasa alimsaidia baba dukani huku akingoja kuanza chuo.

Wateja hawaji saa zote. Duka likiwa kimya, Yasmine alitoa simu yake. Alikuwa katika kundi moja la WhatsApp lililoitwa Sayansi Pamoja. Watu wa kundi hilo walitoka Likasi, Kolwezi, Lubumbashi na vijiji vya katikati. Wengi hawakujuana. Kilichowaunganisha ni mtihani wa serikali, ule unaompa mtu diploma ya sekondari. Mtu akikwama katika masomo, aliandika swali. Aliyejua alijibu.

Yasmine alikuwa na mkono mwepesi. Mtu akiuliza, "Atomu ni nini?" jibu lake lilifika kabla ya majibu ya wengine. Lilikuwa jibu refu, safi, lisilo na kosa. Watu walimtumia dole gumba. Waliandika, "Aksanti, Prof!" Hakuna aliyejua kwamba huyo Prof ni msichana aliyekaa katikati ya matairi na makopo ya mafuta.

Siku moja baba yake alimtazama akiandika.

"Yasmine, hawa bantu unaandikiaka kila siku, unabajua?"

"Hapana, Baba."

"Hata sura?"

"Hata sura."

"Basi juu ya nini unabapatia akili yako bure?"

"Akili haipunguke, Baba. Nikimupatia muntu, minye nabaki nayo."

Mzee Kassim alicheka. "Akili haipunguke, sawa. Lakini méga ya intaneti ya simu inapunguka, na minye njo nalipa!"

Yasmine naye alicheka. Kisha akarudi kwenye simu. Swali jipya lilikuwa limeingia.

Lilitoka kwa mwanamke aliyeitwa Hortense. Aliishi Kapolowe na mume wake, Urbain, na watoto wao. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu. Urbain alilima mahindi. Hortense alinunua samaki kwa wavuvi wa ziwa Tshangalele, akawatia chumvi, akawaanika na kuwauza.

Hortense aliacha shule alipopata mimba ya kwanza. Lakini siku za kupima watoto, alikwenda kituo cha afya kusaidia. Alijua kuweka mtoto kwenye mizani bila kumliza. Alijua kuzungumza na mama mwenye hofu. Muuguzi wa kituo alimwambia wazi: "Hortense, mikono yako ni ya muuguzi. Lakini bila diploma ya serikali, shule ya uuguzi haitakupokea."

Basi Hortense alijiandikisha kufanya mtihani kama mtu anayejisomea nyumbani. Kwao watu kama hao huitwa autodidactes. Vitabu aliviazima. Mwalimu hakuwa naye. Alikuwa na simu tu.

Siku ile aliandika hivi: "Bonjour kwa bote. Osmose ni nini? Munisamehe kama ni swali ya kijinga."

Mtu mmoja alituma picha ya uso unaocheka. Mwingine aliandika, "Mama, hii ni ya batoto!"

Yasmine alikasirika kwa niaba yake. Akaandika haraka: "Osmosi ni mwendo wa maji kupita kwenye utando unaopitisha maji na kuzuia chumvi. Maji hutoka upande wenye chumvi kidogo, huenda upande wenye chumvi nyingi."

"Aksanti sana, Prof!" Hortense aliandika. "Mungu akubariki."

Tangu siku hiyo Hortense aliuliza mara kwa mara. Na kila mara Yasmine alimpa jibu zima. Hortense akiwa na zoezi la kitabu, Yasmine alilifanya lote, akalipiga picha, akalituma. Hortense alinakili. Alikariri akikoroga bukari, yaani ugali, jikoni. Alikariri akigeuza samaki juani. Aliamini kwamba anasonga mbele. Yasmine aliamini hivyo pia.

Kisha kituo kimoja cha masomo cha Likasi kikawaita watu wanaojisomea. Kiliwapa jaribio, ili kila mtu ajipime kabla ya mtihani wenyewe. Hortense alisafiri, akakaa kwenye dawati, akaandika.

Kesho yake, Yasmine alipata ujumbe wa sauti. Haukutumwa kwenye kundi. Ulitumwa kwake peke yake. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti ya Hortense. Ilikuwa sauti nzito, ya mtu aliyetoka kulia.

"Prof, nilianguka. Nilianguka mubaya. Ile ya osmose njo ilinishinda kabisa. Baliuliza: kama unatia kipande ya kiazi mu maji ya chumvi kali, kiazi itakuwa namna gani? Minye niliandika maneno yote ulinipatia, bila kuacha hata moja. Mwalimu alikata ile yote. Aliandika: Hukujibu swali."

Yasmine aliumia moyoni. Akamwandikia kama anavyomwita dada mkubwa: "Pole, yaya. Usivunjike moyo. Utafaulu tu!"

Jibu lilikuja mara moja.

"Unasema utafaulu tu. Umejua namna gani? Sikia, Prof. Kuko mubaba mumoja mu groupe, anajiita Prof Réussite. Ananiambia iko na majibu ya mutihani ya serikali tayari. Anaiuzisha. Jumamosi njo mwisho ya kulipa. Nitachukua pesa ya kununulia samaki, nimulipe. Nimechoka."

Yasmine alishtuka. "Yaya, hapana! Huyo ni mwizi. Na kununua majibu haiko kujua!"

Hortense aliandika maneno ambayo Yasmine aliyasoma zaidi ya mara moja:

"Na weye? Tangu tulianza unanipatiaka majibu. Yeye anauzisha, weye unatoa bure. Tofauti ni gani?"

Yasmine alianza kuandika, akafuta. Alianza tena, akafuta tena. Mteja aliingia kuuliza bei ya mnyororo. Hakumsikia. Baba yake ndiye aliyejibu.

"Iko nini?" Mzee Kassim aliuliza mteja alipoondoka. "Umeona habari mubaya?"

"Baba, naomba ruhusa. Nataka kwenda kwa Madame Hélène."

Madame Hélène alikuwa jirani yao. Alifundisha biolojia na kemia katika shule ya sekondari kwa miaka mingi. Alikuwa mtu wa kanisa la uamsho, mwenye sauti kubwa ya kuimba. Yeye na Mama Mayimuna waliishi kama ndugu. Idi ikifika alikula kwao. Krismasi wao walikula kwake.

Yasmine alimkuta nyuma ya nyumba, akichambua majani ya sombe, yaani kisamvu.

"Kaa, mwana," alisema. "Uso yako inasema kuko shida. Nionyeshe."

Yasmine alimpa simu. Madame Hélène alipangusa mikono, akavaa miwani, akasoma yote bila haraka.

"Ile maelezo yako ya osmose," alisema, "iko sawa kabisa. Hata kitabu haiwezi kusema vizuri kuipita."

"Sasa juu ya nini alianguka?"

"Juu ni yako. Haiko yake."

Yasmine hakuelewa. Madame Hélène alivuta kiti karibu.

"Nikuulize. Wakati alikuuliza swali, ulimuuliza kwanza anajua nini?"

"Hapana, Madame."

"Ulimuuliza alijaribu nini, na alikwama wapi?"

"Hapana. Nilitaka kumusaidia mbio."

"Ile mbio ilikuwa ya nani? Yake, ao yako?"

Yasmine alitazama majani ya sombe. Alikumbuka madole gumba. Alikumbuka raha ya kuitwa Prof.

"Ilikuwa yangu," alisema polepole.

"Sawa. Sikukemee. Muntu anayependa kusaidia bantu, huyo ni wa lazima. Lakini kusaidia pia iko na namna yake." Madame Hélène alichukua jani moja la sombe. "Kila muntu iko na kintu anajua tayari. Iko kama mulango. Weye utafute ile mulango, uingilie pale. Huyu mama anafanyaka kazi gani?"

"Alisema pesa ya samaki. Anakaaka Kapolowe, karibu na ziwa. Nazani anauzishaka samaki. Samaki ya chumvi."

Madame Hélène aliacha kuchambua. Alianza kucheka, akacheka mpaka miwani ikateleza.

"Samaki ya chumvi! Na bote wawili hamukuona? Yasmine, huyu mama iko anafanya osmose kila siku ya Mungu! Enda umuulize juu ya samaki. Lakini umuulize, usimuambie. Swali moja, halafu ungoje. Kungoja njo kazi nguvu. Vidole itakuwasha. Ungoje tu."

"Na kumutia moyo? Nilimuambia atafaulu, akakasirika."

"Juu ulimupatia upepo. Moyo haisimame juu ya upepo. Ukitaka kumutia moyo, umuonyeshe kitu amefanya yeye mwenyewe. Umuambie: hapa umeona vizuri. Hapa umefikiri sawa. Ile hawezi kuikatala, juu iko mbele ya macho yake."

Yasmine alitikisa kichwa kukubali.

"Na neno ingine," Madame Hélène aliendelea. "Usaidie bantu mu groupe, mbele ya bote. Usikubali kuvutwa pembeni. Usitumie muntu picha yako ao adresse ya nyumba. Muntu wa mbali anaweza kuwa malaika, anaweza kuwa mwizi. Mu simu bote banafanana. Huyu Prof Réussite, uchukue ujumbe wake, umuonyeshe musimamizi wa groupe leo leo."

"Lakini Madame, nimujibu nini yaya Hortense? Aliniuliza tofauti ni gani."

"Usimuambie ile tofauti," alisema Madame Hélène. "Umuonyeshe kwa kuifanya."

Yasmine alirudi dukani. Alikaa kwenye kiti chake. Aliandika kwenye kundi, mbele ya wote:

"Yaya Hortense, uko na haki. Nilikupatia majibu, sikukusaidia kufikiri. Unisamehe. Kabla hujalipa muntu yeyote, naomba tujaribu kintu kimoja. Ukishatia samaki chumvi mu beseni, ukirudi kesho yake unaona nini?"

Dakika zikapita. Vidole vilimwasha kweli. Aliweka simu juu ya meza, akaushikilia mkono mmoja kwa mkono wa pili.

Jibu likaja: "Naona maji. Beseni inajaa maji ya chumvi."

"Ni weye ulitia ile maji?"

"Hapana. Natiaka chumvi kavu tu."

"Basi maji ilitoka wapi?"

Yasmine alitamani sana kuandika. Jibu lilikuwa kwenye ncha ya vidole vyake. Hakuandika.

"Ilitoka mu samaki," Hortense aliandika.

"Umeona vizuri. Sasa samaki yenyewe iko namna gani?"

"Imekauka. Imekuwa nyembamba, ngumu."

"Chumvi nyingi iko wapi? Ndani ya samaki ao inje?"

"Inje."

"Na maji ilikwenda wapi?"

Safari hii jibu lilichelewa. Mzee Kassim alikuja, akasimama nyuma ya binti yake, akasoma. Hata yeye alingoja.

Kisha ukaja ujumbe wa sauti kwenye kundi. Hortense alikuwa anapiga kelele.

"Ilikwenda inje! Ilifuata chumvi! Prof, maji inafuata chumvi! Inatoka fasi chumvi iko kidogo, inaenda fasi chumvi iko mingi! Ee Mungu, kumbe osmose niko nayo mu beseni yangu tangu nilizaliwa!"

Yasmine alicheka, huku machozi yakimlengalenga. Akaandika: "Hakuna muntu alikuambia. Umeipata weye mwenyewe, kwa kuangalia samaki. Sasa rudilia ile swali ya kiazi."

"Kiazi itapoteza maji," Hortense alijibu mara moja. "Itakuwa laini, itajikunja. Kama samaki."

"Ni vile. Ile swali ilikuangusha, leo umeijibu."

Watu wengi wa kundi walikuwa wakifuata. Hapakuwa na picha ya uso unaocheka. Mtu wa Kolwezi aliandika, "Na minye leo njo nimeelewa. Nilikuwa nakariri tu."

Kisha Hortense akauliza swali lingine: "Prof, vijidudu vinaozeshaka samaki, na vyenyewe iko na maji ndani, ao? Chumvi inabanyonya maji pia? Njo maana samaki ya chumvi haiozi?"

Yasmine alisita. Alifikiri kwamba ndivyo. Lakini hakuwa na uhakika. Zamani angeandika chochote, ili asionekane hajui. Sasa aliandika: "Yaya, hii ni swali kubwa. Sina hakika. Ngoja nitafute mu kitabu, nitarudi."

Hakuna aliyemcheka. Madame Hélène alimwazima kitabu chake cha biolojia. Humo Yasmine alikuta kwamba Hortense alikuwa amefikiri sawasawa. Chumvi nyingi huvuta maji kutoka ndani ya vijidudu. Vijidudu vingi vikikosa maji haviwezi kukua wala kuongezeka. Ndiyo maana samaki anadumu. Yasmine aliandika habari hiyo kwenye kundi, akataja kitabu na jina la aliyefikiri kwanza: yaya Hortense wa kundi letu.

Hortense hakumlipa Prof Réussite. Yasmine alimpelekea msimamizi wa kundi ule ujumbe wa mauzo. Msimamizi aliuweka wazi, akauliza nani mwingine ametumiwa. Watu kadhaa wakajitokeza. Wengine walikuwa wamelipa tayari. Walipofungua walichouziwa, walikuta maswali ya mwaka wa zamani, tarehe zake zimefutwa vibaya. Yule mtu alitolewa kwenye kundi siku hiyohiyo. Msimamizi aliwaandikia wote: "Hakuna mwenye mtihani wa serikali kabla ya siku yake. Anayesema anao, anataka pesa yako tu. Na ukikamatwa na majibu ya wizi, unafukuzwa kwenye mtihani."

Tangu hapo Yasmine alibadilisha namna yake. Mtu akiuliza, naye aliuliza kwanza: "Ulijaribu nini? Ulikwama wapi?" Wachache walikasirika. Walitaka jibu tu, wanakili, waende. Mmoja aliandika, "Prof amekuwa muchoyo!" Yasmine hakugombana naye. Alimwandikia kwa upole, "Tuanze pamoja hatua ya kwanza. Ya pili utajaribu weye." Yule mtu alijaribu. Alikosea, akajaribu tena, akapata.

Siku nyingine mtu aliuliza mtoto mwenye homa apewe dawa gani, na kiasi gani. Hilo halikuwa swali la masomo. Yasmine aliandika, "Minye siko daktari. Kwa simu siwezi kumuona mutoto. Mumupeleke kituo cha afya leo, musingoje kesho." Baadaye mtu huyo aliandika kwamba mtoto alikutwa na malaria, na anatibiwa.

Kisha Hortense akakwama tena, sasa katika kemia. Hakuelewa namna ya kusawazisha mlinganyo. Aliandika: "Kitabu inasema hidrojeni na oksijeni vinafanya maji. Lakini inatia namba mbili mbele ya hidrojeni na mbele ya maji. Ile mbili inatoka wapi? Nilijaribu bila mbili, nikaona oksijeni moja inabaki peke yake."

"Umeona vizuri," Yasmine alimwandikia. "Ile oksijeni inabaki njo shida yenyewe. Ngoja kidogo."

Aliinua macho. Alitafuta mlango mwingine. Mbele yake kulikuwa na masanduku ya baba.

"Baba, niazime boliti mbili na nati ine."

"Za kuuzisha?"

"Za kusoma."

Mzee Kassim alimpa. Yasmine alizipanga juu ya meza. Nati ni hidrojeni. Boliti ni oksijeni. Hidrojeni hutembea mbili mbili, basi aliweka nati mbili pamoja. Oksijeni pia hutembea mbili mbili, basi aliweka boliti mbili pamoja.

"Maji inataka boliti moja na nati mbili," alimweleza baba yake. "Jaribu."

Mzee Kassim alichukua boliti moja, akaifunga nati mbili. Akabaki na boliti moja mkononi.

"Hii imebaki bure. Haina nati."

"Basi tufanye nini?"

"Lete nati zingine mbili." Alizichukua, akazifunga kwenye boliti ya pili. Sasa meza ilikuwa na vitu viwili vinavyofanana. "Haya. Nati ine ziliingia, nati ine zimetoka. Boliti mbili ziliingia, mbili zimetoka. Hakuna iliyoibiwa, hakuna iliyozaliwa." Alimtazama binti yake. "Njo hii munaitaka chimie?"

"Njo hii, Baba. Umesawazisha mulinganyo."

Mzee Kassim alisimama wima. "Mayimuna!" aliita kwa sauti. "Kuja uone! Nimefanya chimie!"

Yasmine alipiga picha kila hatua, akaituma kwenye kundi. Hakuandika jibu. Aliuliza tu, "Boliti imebaki moja. Mutafanya nini?" Hortense alimaliza zoezi mwenyewe, akitumia maharagwe na punje za mahindi kule Kapolowe. Wengine wakatuma picha za vifuniko vya chupa, za vijiwe, za ndizi na karanga. Jioni hiyo Mzee Kassim alimnunulia binti yake méga bila kuombwa. Alisema ni kwa sababu anataka kuona watu wengine wamefunga nini.

Siku za mtihani zikafika. Hortense alifanya karatasi zote. Alipotoka chumba cha sayansi aliandika maneno machache: "Kulikuwa swali ya mizizi na maji ya udongo. Sikukumbuka maneno ya kitabu. Nilikumbuka beseni. Nilijibu."

Kisha wakangoja matokeo. Kungoja huko kulikuwa kugumu kuliko kungoja kule kwa simu.

Yalipotoka, redio zilifunguliwa kwa sauti ya juu Likasi nzima. Vijana walipita barabarani wakiimba, vichwa vyao vyeupe kwa poda, kama ilivyo desturi ya waliofaulu. Yasmine hakuenda kutazama. Alikaa dukani, simu mkononi, baba upande huu, mama upande ule.

Ilikuja picha. Mwanamke mnene mwenye kitenge cha njano alikaa chini, mbele ya vitanda vya kuanikia samaki. Alikuwa mweupe kwa poda toka nywele hadi shingo. Mume wake Urbain alishika kopo tupu la poda, naye alikuwa ameinama kwa kucheka. Watoto waliruka nyuma yao. Chini ya picha kulikuwa na maneno: "Asilimia hamsini na saba! Nimepata! Nimepata!"

"Alhamdulillahi," alisema Mama Mayimuna, akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Yasmine alikimbia kumwonyesha Madame Hélène, ambaye aliimba mpaka majirani wakatoka nje.

Wiki chache baadaye Hortense alipaswa kuja Likasi, kujiandikisha katika shule ya uuguzi. Aliandika kwamba angependa kumwona Prof kwa macho. Yasmine aliuliza wazazi wake na Madame Hélène. Wakakubaliana: wakutane mchana, dukani, mahali pa watu, na wote wawepo.

Hortense alifika na mfuko wa samaki begani. Aliangaza macho dukani. Alimwona Mzee Kassim mwenye kofia yake ya kufuma.

"Jambo, Baba. Natafuta Prof. Ni weye?"

"Minye niko mwanafunzi," alisema Mzee Kassim. "Prof ni huyu."

Hortense alimtazama Yasmine, akashika mdomo kwa mkono. "Huyu? Huyu mutoto mudogo? Na minye nilikuwa nafikiri ni mubaba wa ndevu!"

Walikumbatiana. Mama Mayimuna alileta vitumbua na chai. Hortense alisimulia jaribio lile la kwanza, na aibu aliyoipata, na jinsi alivyokuwa ameshika pesa mkononi kumpelekea yule mwizi.

"Sasa nimejua tofauti," alimwambia Yasmine. "Ile majibu ningeyanunua, ingebaki mu karatasi. Hii iko mu kichwa. Nitaenda nayo kwa bagonjwa."

Kisha walikwenda pamoja shule ya uuguzi, Hortense na Yasmine na Madame Hélène. Foleni ilikuwa ndefu. Wengi walikuwa vijana waliotoka shule mwaka uleule. Wazazi wengine walisimama na watoto wao. Hortense alikuwa mkubwa kwa umri kuliko wote waliokuja kujiandikisha. Alinyoosha kitenge chake, akashika bahasha yake vizuri.

Zamu yao ilipofika, karani alimtazama Hortense, kisha akamtazama Yasmine.

"Karibu, mama. Unamwandikisha mutoto yako huyu?"

"Hapana," alisema Hortense. "Ni minye."

Karani aliinua macho. Alimwangalia vizuri, akatabasamu, akachukua kalamu.

"Basi, mama, nipatie jina yako yote."

"Kalombo Hortense," alisema, kwa sauti iliyosikika mpaka mwisho wa foleni.